Tarumbeta kwa Barua

Mtoni, Dar es Salaam
8 Februari 1953

Kwa Mjomba wangu Theonest,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Naomba barua hii iwakute wote wazima, hasa Bibi Kokushubila, maana nimesikia jino lake bado linamtesa. Mwambie Mama kwamba lile blanketi alilonifungia bado liko sandukuni. Huku kuna joto la namna ambayo mtu anatamani kuvua hata ngozi.

Nimepata chumba karibu na barabara ya Kilwa, mwendo wa dakika kumi mpaka shuleni. Shule yetu ni ya kati, darasa la tano hadi la nane, wavulana mia moja na thelathini na wasichana tisa. Habari za ndizi za huku nitakuandikia siku nyingine, nisije nikailowesha karatasi.

Sasa neno lenyewe, Mjomba. Mwalimu Mkuu wetu anaitwa Bwana Jabiri. Ni mtu wa kanzu nyeupe na koti jeusi, na sijawahi kuyaona meno yake. Siku aliyonihoji aliniuliza, "Nje ya vitabu una ujuzi gani? Hapa kila mwalimu husimamia chama cha wanafunzi." Nilihesabu vifungo vya koti lake mpaka nikaona uso wake unaanza kufungwa kama duka. Nikasema, "Bendi." Sijui neno lile lilitoka wapi. Nadhani lilitoka kwako. Akauliza, "Bendi ya tarumbeta?" Nikamjibu kwamba kwetu hilo ni jambo la ukoo.

Nilidhani yameishia hapo. Kumbe katika stoo ya shule kuna sanduku lenye vyombo vya bendi fulani iliyovunjika zamani: tarumbeta nne, baragumu kubwa lililojikunja kama chatu, ngoma kubwa moja na ndogo mbili. Amenikabidhi ufunguo. Vyama vya mdahalo, bustani na kwaya vimepata watoto wachache wachache. Chama changu kimeandikisha sitini na wanne, kwa sababu kuna uvumi kwamba wanabendi watapewa kofia.

Mimi najua kidogo. Niseme kweli: najua upande wa kupulizia ni upi. Lakini wewe ulipiga tarumbeta katika jeshi la Keya miaka minne, mpaka Burma, na kijiji kizima kinakujua kwa jambo hilo. Nakuomba unifundishe kwa barua, hatua kwa hatua, nami nitawafundisha watoto. Bwana Jabiri asijue kitu.

Mpwa wako,
Revelian


Kamachumu, Bukoba
27 Februari 1953

Mpwa wangu Revelian,

Barua yako imefika ikiwa na madoa ya maji, nadhani meli ya kutoka Mwanza ilipigwa na mawimbi. Nakujibu kwa Kiswahili kama kawaida yangu. Kalamu nilifundishwa kuishika jeshini, na mkono wangu haujui kuandika lugha nyingine.

Sisi wazima. Jino la Bibi yako lilitoka lenyewe Jumatano, akalitupa juu ya paa, akalitukana. Ng'ombe mweupe amezaa dume. Mama yako anasema blanketi ulitumie hata kama ni kulikalia.

Nimeisoma barua yako mbele ya watu baada ya misa. Pale uliposema kijiji kizima kinanijua nilipasoma mara mbili, kwa kuwa wa nyuma hawakusikia.

Sasa simama wima usikilize. Mjinga hudhani tarumbeta huanzia mdomoni. Tarumbeta huanzia kwenye kitambaa. Chukua majivu, yachekeche mpaka yawe laini kama unga wa uji wa mtoto, changanya na maji ya ndimu. Sugua kuelekea upande mmoja tu, kamwe usizungushe. Ndani ya bomba pitisha kamba yenye kitambaa, kwa sababu mate yakilala humo shaba huota ukijani. Chombo hubebwa kwapani, mdomo wake mpana ukitazama mbele, na hakilazwi chini kwa mdomo huo hata kama risasi zinalia. Kwetu jeshini, askari akiacha alama ya kidole juu ya shaba, alizunguka uwanja mara kumi na bunduki kichwani.

Kwa wiki ya kwanza watoto wasipulize hata kidogo. Wasugue tu. Ukimaliza, toa taarifa.

Mjomba wako,
Theonest, aliyekuwa wa Keya


Mtoni
20 Machi 1953

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa kazi, na hongera kwa dume. Mimi nilikuwa na homa siku nne, sasa nimepona. Blanketi limetumika.

Amri yako tumeitekeleza. Watoto wamesugua wiki nzima, na ndimu zimekwisha katika nyumba zote za jirani. Zamu ya kusugua imewakimbiza wengi. Kati ya sitini na wanne wamebaki kumi na mmoja. Lakini vyombo, Mjomba! Jana Bwana Jabiri aliingia stoo, akajiona ndani ya baragumu, akarekebisha kofia yake. Akasema, "Vizuri." Mwalimu wa hesabu anasema yuko hapa miaka mitano na hajawahi kuambiwa neno hilo.

Leo tumeanza kupuliza. Yuko Sadallah wa darasa la saba, mwenye mashavu mapana, ndiye nimempa tarumbeta ya kwanza. Akavuta pumzi, akapuliza. Ng'ambo ya uwanja kuna mama mmoja anakaanga vitumbua, Bi Somoe. Aliacha chuma chake motoni, akavuka mpaka dirishani, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, mnachinja nini humu?" Watoto wakacheka mpaka Sadallah akakataa kupuliza tena.

Basi nina swali moja tu. Juu ya tarumbeta pana vidude vitatu vya kubonyeza. Nibonyeze kipi, kwa sauti ipi? Hilo tu, Mjomba. Ukinijibu hilo mengine nitayasukuma mwenyewe.

Mpwa wako,
Revelian


Kamachumu
4 Aprili 1953, Jumamosi Kuu

Revelian,

Kwaresima inakwisha na sisi tungali hai, ingawa Bibi yako amefunga kwa hasira zaidi kuliko kwa ibada. Huku mvua ni nyingi. Migomba miwili imeanguka upande wa jirani, sasa tunabishana mikungu ni ya nani.

Swali lako nimelipata. Ni swali zuri, na mtu mwenye haraka angelijibu. Mimi sina haraka. Vile vidude vitatu ni kama watoto wa mjini: ukiwajali sana wanakupanda kichwani. Visikutishe. Viache kwanza.

La muhimu ni mdomo na msimamo. Visigino vigusane, kidevu juu, macho yatazame mbali. Mpulizaji apake samli midomoni ili isipasuke. Asile karanga siku hiyo. Bendi ikigeuka kushoto, wa kushoto kabisa hukanyaga palepale na wa kulia hupiga hatua ndefu, la sivyo mstari huvunjika kama ukuni. Kule Burma tulipanda mlima mmoja siku tatu, mvua mabegani, na tarumbeta haikugusa tope hata mara moja. Kasimiri wa Maruku alikuwa akisema tarumbeta humjua mwenye kuiheshimu. Huyo Kasimiri... basi, tuyaache.

Nimewasomea watu barua yako ya pili. Walifurahi sana kusikia Bwana Mkubwa wako amejiona ndani ya shaba. Sasa wananiita Mwalimu wa Dar es Salaam.

Pasaka njema.
Theonest


Mtoni
20 Aprili 1953

Mjomba,

Shikamoo, na poleni kwa migomba. Mikungu ni yenu; mti huanguka, mizizi haihami.

Samli, Mjomba. Nilitii. Midomo ya watoto iliteleza hata Sadallah akapuliza shavu lake mwenyewe. Inzi wote wa Mtoni wakajiunga na chama. Paka wa Bwana Jabiri aliingia ndani ya baragumu tukamkosa mpaka kesho yake, tulipomsikia.

Lakini la paka ni dogo. Tarehe mbili Juni, siku ya kutawazwa kwa Malkia, shule zote za upande huu zitakutana uwanjani mbele ya Bwana Afisa wa Elimu na mkewe. Bwana Jabiri amekwisha kuandika kwamba bendi yetu itafungua sherehe kwa ule wimbo wa heshima wa Malkia, ambao watu wote husimama ukipigwa. Kisha akaniita, akanikumbusha kwamba mimi bado niko katika mwaka wa kujaribiwa, na akataja shule moja ya porini kusini ambayo haipati walimu kwa sababu ya simba. Sitaki kuyarudia maneno yake.

Lakini usifadhaike. Nimepata mtaalamu mmoja wa hapa anayenisaidia kidogo. Ni mtu mwenye uzoefu wa muda mrefu. Sina haja ya kukueleza zaidi.

Jambo jingine. Sokoni Ilala nimekutana na Mhaya mwenzetu aitwaye Gozbert, alikuwa Keya pamoja nawe. Nilipomwambia kwamba mjomba wangu ni Theonest mpiga tarumbeta, alicheka mpaka akashika nguzo. Nikamwuliza sababu, akasema, "Mwulize mwenyewe." Anakusalimu sana.

Mjomba, nibonyeze kipi?

Revelian


Kamachumu
14 Mei 1953

Kwa Revelian,

Salamu. Sote wazima. Mikungu tumegawana.

Kuhusu Gozbert: katika jeshi kulikuwa na akina Gozbert wengi, na wengi wao walikuwa walevi.

Huyo mtaalamu wako ni nani? Alikuwa kikosi gani? Mbona humtaji jina?

Hapa pia kutakuwa na sherehe siku hiyohiyo. Mkuu wa gombolola, mwenye kutawala eneo letu hili, amesikia habari za barua zangu, akaamua kwamba sherehe ifunguliwe kwa tarumbeta. Yuko rafiki yangu mmoja, wewe humjui, ndiye aliyeombwa apige. Zamani alijua sana, lakini miaka imepita na amesahau kidogo. Tarumbeta ya misheni nimekwisha kupewa, yaani amekwisha kupewa. Ameing'arisha vizuri sana.

Huyo rafiki anauliza, kwa vile wewe na mtaalamu wako sasa mmefika mbele: vile vidude vitatu mmevifanyaje? Nimemwambia nitakuuliza, ingawa mimi mwenyewe najua. Hali chakula, huyo rafiki. Mama yako anamshangaa.

Jibu upesi.
Theonest


SIMU YA MAANDISHI
Dar es Salaam, 30 Mei 1953

MWAMBIE RAFIKI YAKO ASIGUSE VIDUDE. APULIZE POLEPOLE. AU AUGUE. REVELIAN


Mtoni
7 Juni 1953

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini simu ilifika kwa wakati na rafiki yako ni mzima, au mgonjwa, kwa kadiri alivyochagua. Barua yako ilinifikia siku tatu tu kabla ya sherehe. Huku sote tuko hai. Nakuandikia nikiwa nimetulia kwa mara ya kwanza tangu Februari, na nitakwambia yote bila kuficha.

Yule mtaalamu niliyemtaja ni Bi Somoe wa vitumbua. Niliona haya kukuandikia. Siku mbili baada ya mambo ya samli alikuja tena dirishani, mikono ina unga, akasema, "Mwanangu, mie nimeishi na tarumbeta ndani ya nyumba miaka ishirini. Marehemu mume wangu alikuwa mkubwa wa ngoma ya beni, ile ya kucheza mitaani kwa tarumbeta, hapa Mtoni. Alikuwa akianza kupuliza alfajiri kabla sijachota maji. Sijawahi kuishika, lakini nikisikia kosa tumbo linaniuma. Nyie mnaniua."

Nikamwambia, "Basi nisaidie, Mama."

Akasema, "Nitasaidia. Ila mjukuu wangu apige ngoma kubwa."

Mjukuu wake ni Hamisa, wa darasa la tano. Wasichana wote Bwana Jabiri amewaweka katika chama cha ushonaji, na Hamisa kule ameshona kidole chake mara mbili. Nikamwambia Bi Somoe haiwezekani. Akaanza kuondoka. Nikamwambia inawezekana.

Basi kila alasiri Bi Somoe alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akatufundisha kwa mdomo. Hakujua jina la noti hata moja. Alisema tu, "Wewe Sadallah sema toto-tii. Wewe sema bumbu. Nyie wawili ngojeni, ngojeni, sasa!" Watoto wakatafuta toto-tii kwa kubonyeza hiki na kile mpaka wakaipata, wakachora alama kwa chaki juu ya vidude. Mimi nilisimama mbele na fimbo, nikiitikisa. Ule wimbo wa heshima niliupata kwa mwalimu wa kwaya, nikamwimbia Bi Somoe. Alisikiliza, akasikitika. "Huu wa msiba?" Nikasema hapana, ni wa furaha. "Basi mbona hautembei? Ngoja tuupe miguu."

Nilijua kwamba miguu ile italeta matata. Lakini zilikuwa zimebaki siku kumi na moja, na kwa mara ya kwanza watoto walikuwa wanapiga kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Siku yenyewe uwanja ulijaa. Bwana Afisa na mkewe walikaa kivulini kwenye viti, Bwana Jabiri nyuma yao. Tukaingia. Hamisa ni mdogo na ngoma ni kubwa, kwa hiyo watu waliona ngoma inatembea yenyewe, chini yake miguu miwili. Bwana Jabiri alinyoosha shingo kuhesabu miguu ile ni ya nani. Ngoma ilipogeuka akauona uso, akanitazama. Nikatazama mbali kama anayeona kilima. Ulinifundisha wewe.

Fimbo ikashuka. Mjomba, walipiga! Sadallah hakukosa hata mara moja. Lakini wimbo ulikuwa umeota miguu kweli. Hamisa alikuwa akiuchapa kwa mwendo wa mtaani, baragumu likijibu bumbu, watoto wakaanza kuyumba mabega kulia na kushoto bila kuambiwa na mtu. Akina mama waliokuwa nyuma ya kamba wakapokea kwa vigelegele, na Bi Somoe mbele yao akipunga mwiko. Mke wa Bwana Afisa alipiga kiatu chake chini. Hakuna mtu hata mmoja aliyesimama kwa heshima, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyejua kwamba ndio wimbo wenyewe.

Tulipomaliza, Bwana Afisa alipiga makofi, akamgeukia Bwana Jabiri, akasema kwa Kiswahili chake, "Mzuri sana! Sasa watapiga ule wimbo wa heshima?"

Niliificha fimbo nyuma ya mgongo. Bwana Jabiri alinitazama, akawatazama watoto, wanahema, wamefurahi, shaba inawaka. Akasema, "Watoto wa bendi wamechoka, bwana. Wimbo huo utaimbwa na kwaya." Kwaya wakasimama wakaimba, na watu wote wakavua kofia.

Jioni aliniita ofisini. Nikamwambia ukweli wote kabla hajaketi: kwamba sijawahi kupuliza chochote, na kwamba Bi Somoe ndiye mwalimu. Akasema, "Nilijua. Nilikuuliza bendi, ukanijibu ukoo. Mtu anayejua kitu hajibu kwa ukoo."

Nikauliza, "Basi kwa nini ulinipa kazi?"

Akasema, "Wenzako wote waliokuja kuhojiwa walisema bustani."

Mjomba, ana meno. Madogo, na moja limevunjika.

Siendi kusini. Adhabu yangu ni kukaa kila Alhamisi kwenye benchi pamoja na watoto, nifundishwe tarumbeta na Sadallah mpaka nijue. Sadallah ni mkali. Alhamisi iliyopita alinizungusha uwanja. Hamisa ameandikwa katika daftari la bendi kwa wino, na wasichana watatu wengine wameacha sindano wanasubiri mlangoni.

Sasa niambie ya huko.

Revelian


Kamachumu
24 Juni 1953

Mpwa wangu Revelian,

Amani ya Bwana iwe nawe. Bibi yako hajambo, mama yako hajambo, dume anakua. Mimi pia hajambo, yaani sijambo.

Simu yako ilifika asubuhi ya tarehe mbili yenyewe. Nilikuwa nimekwisha kuvaa koti langu la Keya, watu kama mia tatu mbele yangu. Miwani nilikuwa nimeiacha nyumbani. Nikadhani ni salamu za pongezi kutoka Dar es Salaam, nikamwambia aliyeileta apande juu ya kiti aisome kwa sauti ya kusikika. Akasoma. Alipofika "au augue", watu wote wakageuka kunitazama.

Hapo kuugua kukawa hakuwezekani tena.

Nikainua tarumbeta. Mara ya kwanza ulitoka upepo mtupu. Mara ya pili ilitoka sauti ambayo ng'ombe wa misheni aliiitikia. Mara ya tatu sikupuliza. Niliishusha, na mkono wangu wenyewe ukatoa kitambaa ukaanza kuifuta, na nilipouona unaifuta nikachoka, Revelian. Nikawaambia.

Niliwaambia kwamba katika bendi ya Keya mimi nilikuwa msafishaji na mbebaji wa vyombo. Mpigaji alikuwa Kasimiri wa Maruku, rafiki yangu. Alikufa kwa homa kule, katika wiki ya mvua, na mimi niliibeba tarumbeta yake miezi mitano, nikiisugua kila asubuhi ingawa hapakuwa na wa kuipiga. Tuliposhuka melini Bukoba nilikuwa nayo begani kwa sababu hakuna aliyekuwa ameniambia niirudishe wapi. Mama, huyo Bibi yako, akaniona, akapiga vigelegele, akalia, "Mwanangu mpiga tarumbeta!" Wewe ungemkatiza mama yako? Nikasema nitamwambia kesho. Jeshi liliichukua tarumbeta baadaye, lakini kesho hiyo imechukua miaka saba.

Kisha Bibi yako Kokushubila akasema kutoka kwenye mkeka wake, "Mimi nilijua jioni ya siku ileile. Tangu utoto huyu akipuliza moto jikoni unazimika. Atapuliza tarumbeta?" Uwanja mzima ukalala kwa kicheko. Mkuu wa gombolola alijifuta macho kwa kanzu yake. Nami nikacheka, mpwa wangu. Nilikuwa nimesahau jinsi inavyokuwa kucheka bila kujilinda.

Lakini hilo silo ninalotaka kukuandikia. Watu walipokuwa wakiondoka alinijia mwanamke mmoja, akasema anaitwa Demetria, dada yake Kasimiri, ameolewa huku. Miaka yote hii amekuwa akinisikia naitwa mpiga tarumbeta, naye hakuthubutu kuniuliza kama nilimjua kaka yake. Walipata karatasi moja tu kutoka serikalini. Aliniuliza kama kulikuwa na mtu karibu naye alipokufa. Nikasema nilikuwepo, nilimshika. Akauliza alikuwa akipenda kupiga nini. Basi nikamwimbia kwa mdomo, pale uwanjani, ule wa kuamsha askari na ule wa kuwaita kula, na mmoja wake mwenyewe ambao afande aliukataza. Nilishangaa kwamba yote ninayo, hata pale alipokuwa akivuta pumzi. Demetria alisikiliza mpaka mwisho. Siku ya pili alituletea mkungu wa ndizi, akasema si wa deni wala wa zawadi, ni wa kula.

Nisamehe kwa samli. Niliona wapigaji wakipaka kitu midomoni, sikuwahi kuuliza ni nini.

Mjomba wako,
Theonest


Mtoni
12 Julai 1953

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, mara mbili. Salamu kwa wote, na kwa Demetria pia, ingawa hanijui.

Barua yako niliisoma peke yangu, kisha nikamsomea Bi Somoe akiwa anakoroga unga. Alipofika, yaani nilipofika, pale ulipomwimbia Demetria, aliacha kukoroga. Akasema, "Miaka minne anasikia, hapigi? Huyo masikio yake yamejaa. Mie najua beni tu, gwaride sijui. Mwite aje, watoto wameanza kuchoka na nyimbo zangu, nami nimechoka na vitumbua kuungua."

Bwana Jabiri naye amekubali. Anasema shule inafunga Agosti, lakini chama cha bendi hakifungi, na mgeni anayejua kung'arisha shaba atapewa chumba cha stoo na kitanda. Nimemwambia waziwazi kwamba hujui kupuliza. Akasema, "Ndivyo tulivyoanza."

Mimi sasa nafika noti tano. Ya sita Sadallah anasema nisiiguse mbele ya watu.

Njoo, Mjomba. Tunataka kuupata ule wa Kasimiri uliokatazwa.

Revelian


Kamachumu
30 Julai 1953

Revelian,

Wote wazima. Bibi yako ameanza kunikusanyia chakula cha safari kana kwamba narudi Burma.

Napanda meli Jumamosi ya tarehe kumi na tano Agosti, kisha gari moshi Mwanza. Mama yako ananipa blanketi jingine, nimeshindwa kumkatalia. Ule wa Kasimiri nimekuwa nikiuimba shambani kila siku usije ukanipotea njiani. Watoto wa huku wameushika, wanachungia mbuzi nao.

Njoo kunipokea stesheni wewe peke yako. Usilete bendi. Na safari hii, tafadhali, usimwambie mtu yeyote kwamba najua kitu.

Mjomba wako,
Theonest